Kozi ya kilimo ya kujisomea mtandaoni: ipange kwa hatua za mmea



Siku hizi vijana wengi waliofanya vizuri kwenye nyanya, hoho au kuku wameongeza biashara ya pili: wanafundisha. Mtu anarekodi video zake, anaziweka mtandaoni, mwanafunzi analipia na kujisomea kwa wakati wake. Ni kazi halali na ina hela. Naulizwa sana namna ya kuiandaa, kwa hiyo leo nawajibu wote kwa pamoja, kwa mfano wa nyanya.

Kwanza tujue kilicho hatarini. Anayenunua kozi ya nyanya halipi ada tu. Nyuma ya ada kuna kodi ya shamba, mbegu chotara, mbolea, viuatilifu na vibarua. Akiishia somo la tatu wakati kantangaze umemweka somo la tisa, atapoteza msimu mzima.

Na kuishia njiani ni kawaida mno. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichambua takwimu za kozi za wazi za MIT na Harvard kwenye edX, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Katika mwaka wa masomo 2017/18, kati ya kila watu 100 waliojiandikisha, waliomaliza ni kama 3 tu. Waliolipia cheti walikuwa na nafuu, lakini hata hao hawakufika nusu. Kwa hiyo usidhani mteja akishalipa, atamaliza. Kumfikisha mwisho ni sehemu ya kazi yako.

1. Mpe uhuru wa saa, mmea umpangie siku

Mkulima akisoma saa nne usiku, au alfajiri akisubiri zamu ya maji, hiyo ni juu yake. Lakini mche haumsubiri. Nyanya hukaa kitaluni wiki 3 hadi 4, kisha inataka kuhamishwa, somo umelisikiliza au hujalisikiliza.

Shamba darasa lililijua hili zamani. Lilianza Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, na utaratibu wake ni wakulima kukutana msimu mzima na kukagua mmea ulipofikia. Kozi yako ifuate mwendo huo. Usipange sura ya mbolea, sura ya magonjwa, sura ya masoko kama kitabu. Panga kuandaa kitalu, kusia, kukomaza miche, kuhamishia, maua ya kwanza, matunda, kuvuna.

Mwanafunzi akijiunga, muulize swali moja: unasia lini? Tarehe hiyo ndiyo ianzishe ratiba yake. Halafu mtumie ujumbe mfupi kwa wakati: "Miche yako ina siku 18. Wiki hii fungua somo la kukomaza miche." Ujumbe wa namna hiyo unamrudisha kozini kuliko ule wa "usisahau kujifunza".

Angalizo: siku peke yake hazitoshi. Nyanya ya Lushoto kwenye baridi haiendi kwa kasi ya nyanya ya Morogoro mjini. Kuanzia kuhamishia, mwambie yeye mwenyewe aripoti hatua: "maua yameanza". Hapo ndipo somo linalofuata lifunguke.

Na masomo ya kinga yatangulie tatizo. Kantangaze, mdudu mwenye asili ya Amerika Kusini aliyeripotiwa kwetu Tanzania mwaka 2014, asifundishwe majani yakishatobolewa. Kitalu cha chandarua na mitego ya harufu vifundishwe kabla mbegu haijaingia udongoni.

2. Somo moja, kazi moja

Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi walifungua video za kozi kwenye edX. Waligundua kwamba hata video iwe ndefu kiasi gani, kwa kawaida mtu haangalii zaidi ya dakika 6. Kwetu sisi ongeza na bei ya bando. Video ya dakika 40 igawe, na kila kipande kibebe kazi moja tu. Weka pia sauti peke yake na maelezo mafupi ya maandishi, kwa siku ambayo mtandao unasuasua.

Kisha kila somo liishie shambani. Mfano, somo la bomba la kupulizia: mwanafunzi apime eneo la mita 10 kwa 10, ajaze maji matupu kwa kipimo anachokijua, apulizie kwa mwendo wake wa kawaida, kisha apime maji yaliyotumika. Azidishe kwa 40, apate lita anazotumia kwa ekari moja. Akutumie hiyo namba. Aliyetuma namba amejifunza. Aliyetazama video tu, bado hujui.

3. Swali liwe la shambani

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma, baada ya wiki moja walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma tu. Kwa hiyo weka maswali, ila achana na "taja dalili tatu".

Weka picha ya nyanya iliyonyauka ghafla, majani bado kijani. Uliza: kabla ya kununua dawa, utafanya nini? Jibu ni kukata kipande cha shina karibu na ardhi na kukining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka majini, huo ni mnyauko bakteria. Ng'oa mmea huo, na usiache maji yatoke hapo kwenda mistari mingine. Anayechagua "dawa ya ukungu" asiambiwe tu amekosea. Mweleze hapohapo kwa nini hiyo hela ingepotea bure.

4. Kujisomea siyo kutelekezwa

Tenga saa moja kila wiki ya kujibu maswali. Waagize watume picha tatu: jani juu, jani chini, mmea mzima. Kwenye viuatilifu, hakikisha unachokitaja kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na wafundishe kusoma lebo, hasa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kwa jambo lililo nje ya uwezo wako, mwelekeze kwa afisa ugani wa kata yake.

Kabla ya kurekodi

Chukua karatasi, piga safu tatu: hatua ya mmea, kazi ya mkulima, uthibitisho atakaokutumia. Somo lisilo na kitu kwenye safu ya tatu, lifute au liunganishe na jingine. Kisha wape wakulima 5 wanaotaka kusia msimu huu, kwa simu zao na bando lao, uangalie wanakwamia wapi. Rekebisha hapo ndipo utangaze.

Na ukitangaza msimu wa pili, usituambie wangapi walijiunga. Tuambie wangapi walivuna.