Jina langu umeliandika?

Upepo unapoezua mabati kwenye milima ya Igogo au Mabatini, wa kwanza kufika ni jirani mwenye ngazi na nyundo. Wa pili ni mwenyekiti wa mtaa. Kisha nafika mimi na daftari. Nilikuwa mtendaji wa kata hapa Mwanza hadi nilipostaafu, na katika maafa yote niliyoyaandika, swali nililoulizwa halikubadilika. Mama amesimama kwenye matope, godoro limelowa, watoto wamelazwa kwa jirani, naye ananiuliza: "Mtendaji, jina langu umeliandika?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Jina lisipokuwa kwenye daftari, hata blanketi halitoki. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia kijiji au mtaa, kupanda kata, wilaya na mkoa, hadi taifa, na uratibu wote uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Huku chini ndiko tathmini inakoanzia: nyumba zipi zimeanguka kabisa, zipi zina nyufa, kaya ngapi hazina pa kulala, nani mjamzito, nani mzee asiye na mtu. Karatasi zinapanda, mahindi na mahema yanashuka. Karatasi zikichelewa au zikiandikwa vibaya, lori nalo linachelewa, au linafika kwa watu wasiohusika.

Mashirika yana njia fupi zaidi. Chama cha Msalaba Mwekundu, kilichoundwa hapa nchini kwa sheria ya mwaka 1962, kina wanachama wa kujitolea wanaoishi mitaani mwetu, wanaojua kufunga jeraha na kubeba machela. Shirikisho lao la kimataifa lina mfuko wa dharura tangu 1985, unaotoa fedha bila kusubiri harambee. Makanisa na misikiti huleta sufuria na nguo siku ile ile, bila fomu.

Lakini saa ya kwanza ni ya majirani, na ziwa letu limethibitisha hivyo mara nyingi. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka majini karibu na uwanja wa Bukoba, katika hali mbaya ya hewa, wavuvi ndio waliotangulia kufika kwa mitumbwi yao. Watu 19 walikufa kati ya 43, na 24 wakaokolewa. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, akachukuliwa na Serikali kwenda kufunzwa uokoaji. Nilifurahi sana. Mwalo mzima ungestahili mafunzo hayo.

Serikali na mashirika makubwa basi yanapimwa na kitu kingine: fedha zinazokuja baadaye. Hapo nataka tuzungumze kwa uwazi, na mfano ninaoufikiria kuliko yote uko ng'ambo ya ziwa.

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9. Hata sisi Mwanza tuliisikia. Watu 17 walipoteza maisha na mamia wakaumia. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali yaliyoshikizwa kwa udongo, bila linta ya kuzifunga kuta. Ukuta ukisukumwa pembeni kidogo, unafunguka kwenye kona, na paa linafuata. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilibomoka kiasi cha wanafunzi kuhamishwa.

Nchi iliitikia vizuri. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Bukoba kesho yake. Kenya ikatuma mabati, magodoro na mablanketi, Uganda ikatoa dola 200,000, wafanyabiashara na mabalozi wakachangishwa Dar es Salaam. Huku kwetu nilipitisha karatasi ya mchango mwenyewe. Mama ntilie wa pale stendi aliniwekea noti mbili mkononi na kusema, "Za yule bibi wa kwenye televisheni, aliyekaa nje ya nyumba yake."

Kabla mwezi haujaisha, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa viongozi wawili wa mkoa na manispaa, kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na ile rasmi ya Kamati ya Maafa Kagera. Habari hiyo iliniumiza. Mchango wa maafa ni amana, na shaka ikishaingia, karatasi inayofuata ya mchango hairudi na kitu.

Halafu ikaja Januari 2017. Rais alifika Bukoba akaeleza kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba; itarudisha shule, hospitali na barabara, na mwananchi ajijengee mwenyewe. Ihungo ikajengwa upya kwa msaada wa Uingereza, na majengo yake yanapendeza. Naielewa hoja ile. Darasa moja linahudumia watoto kwa miaka hamsini, na hazina ya nchi haiwezi kuwa baba wa kila boma. Isipokuwa yule mama ntilie hakutoa noti zake kwa ajili ya darasa. Alimtolea bibi. Kama uamuzi ni shule, watu waambiwe siku ya kwanza, kabla hawajafungua pochi, na yule bibi naye asikae miezi chini ya turubai akingoja nyumba ambayo haiji.

Kisiwani Ukara mambo yalikuwa tofauti kidogo. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia Bwisya, kikiwa kimebeba watu kupita kiasi. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, na waliokufa walikuwa 228. Mkono wa binadamu ndio uliosababisha, si upepo, ila kamati zilizokaa ni zile zile na akaunti ya michango ilifunguliwa vile vile. Sehemu ya fedha zile ilielekezwa kwenye Kituo cha Afya Bwisya, na uamuzi ulitangazwa mapema. Watu wa Ukara wanajua kila wodi imetoka wapi.

Sasa linganisha na wilaya ya Hanang, mkoani Manyara. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka mlimani vikafunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani, wakafa watu 89. Safari hii waliopoteza makazi walijengewa nyumba 109 huko Waret, 35 kati yake zikiwa za Msalaba Mwekundu. Ni jambo jema kabisa. Lakini mwananchi wa Kagera akiuliza kwa nini Hanang nyumba na kwake turubai, mtendaji wake atamjibu nini? Sheria imempa kamati na mfuko wa maafa. Ninachokitaka ni kiwango kinachojulikana: nyumba ikianguka kabisa, mwenye nyumba ana haki ya nini, na ndani ya muda gani, awe mkulima wa Missenyi au mchuuzi wa Mabatini.

Kuna maafa mengine ambayo hayafunguliwi akaunti. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo hutoka pande zote za ziwa, hukutana katikati na kuinua mawingu ya radi, saa zile zile wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Makadirio yanayotajwa ni vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka katika ziwa zima. Wanakufa wawili hapa, watatu pale, na hakuna waziri anayekuja. Msaada wenye faida kubwa kwao hauna picha ya kupendeza: kuna rada ya hali ya hewa iliyosimikwa hapa Mwanza, na mradi wa HIGHWAY wa 2017 hadi 2021, uliogharimiwa na Uingereza chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulioboresha utabiri wa ziwa. Utabiri huo ufike mwaloni kabla ya jua kuzama, kwa Kiswahili cha mvuvi, na boya la kuvaa lipatikane kwa bei anayoiweza. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya mfuko wa maafa kama mahema yalivyo.

Na kwa wenzangu mlio ofisini leo: mkimaliza kugawa, bandikeni orodha kwenye ubao wa kata. Jina, kilichotolewa, kilikotoka, tarehe. Mimi nilianza kufanya hivyo baada ya Kagera. Mara ya kwanza wazee wawili waliisoma yote kwa kidole, wakaniambia jina moja ni la mtu aliyehamia Geita mwaka uliopita. Tukalifuta, na bati zake zikaenda kwa mjane aliyekuwa amesahaulika.