Kulinganisha Spika za Sauti Nzito na ya Kati

Mtu aazimiaye kujiundia makasha ya muziki nyumbani, akitaka kulinganisha spika zitoazo sauti nzito pamoja na ya kati, yampasa kwanza kuitazama koni: ya karatasi ni nyepesi, nayo humeza mitetemo yake yenyewe; ya alumini ni ngumu na husema kwa ufasaha, lakini katika masafa ya juu hulia kama kengele, hata ikalazimu kichujio cha kuinyamazisha.

Kisha asihadaike na ukubwa wa sumaku, bali avisome vipimo vilivyoasisiwa na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961 na kuendelezwa na Richard Small. Maana kile kipimo kiitwacho Qts, kionyeshacho jinsi mtikisiko wa koni unavyodhibitiwa, kikiwa baina ya 0.3 na 0.4, aghalabu kasha hutobolewa tundu la hewa, na kikikaribia 0.5 au zaidi, huzibwa kabisa.