Viyoyozi vya Lubumbashi na Sitara ya Ozoni

Kila joto la Septemba na Oktoba linapoukamata mji wa Lubumbashi, kabla mvua hazijashuka, mafundi wa viyoyozi huitwa nyumba hadi nyumba waongeze gesi, na katika mashine za zamani gesi hiyo aghalabu ni R-22. Ndani yake mna klorini. Nayo ikivuja, sehemu yake hupanda polepole hata ifike kilomita 15 na zaidi juu ya ardhi, ambako miale ya jua huivunja, na klorini iliyofunguka ikaiharibu ozoni, ile sitara inayowahifadhi wanadamu na mimea dhidi ya miale yenye madhara.

Hatari ya klorini hiyo ilibainishwa mwaka 1974 na wataalamu Mario Molina na Sherwood Rowland, waliochunguza gesi za ukoo huo zilizo kali kuliko R-22. Na baada ya Waingereza kutangaza mwaka 1985 kwamba ozoni ya Antaktika imepungua mno, mataifa yalitia sahihi mkataba wa kuilinda ozoni huko Montreal, tarehe 16 Septemba 1987. Nchi yetu, iliyokuwa ikiitwa Zaire, iliingia katika mkataba huo mwaka 1994. Kwa mujibu wa ratiba ya nchi zinazoendelea, matumizi ya jamii ya R-22 yalipaswa kupunguzwa kwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, na asilimia 67.5 mwaka 2025. Na ifikapo 2030 yakome, isipokuwa kiasi kidogo cha kutengenezea mashine zilizosalia, hadi 2040.

Gesi iliyoshika nafasi ya R-22, yaani R-410A, haiidhuru ozoni, lakini huongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu kuliko hewa ya ukaa. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana tena kwa jirani zetu, mjini Kigali, Oktoba 2016, yakaafikiana kuipunguza nayo. Kwa upande wa joto la dunia, gesi ya R-32 ni nafuu kidogo, na R-290, ambayo ni propani, ni nafuu sana. Ila zote mbili zaweza kushika moto, wala si salama kwa fundi kuzitia katika mashine iliyoundwa kwa R-22.

Serikali yaweza kuzuia mitungi mpakani Kasumbalesa, lakini gesi iliyokwisha ingia majumbani imo mikononi mwa fundi na mwenye nyumba. Kiyoyozi hakinywi gesi kama gari linywavyo petroli. Gesi ikipungua, basi pana tundu, na kuijaza bila ya kuliziba ni kutupa fedha na kuidhuru mbingu kwa pamoja. Kwa hiyo, ewe msomaji, mwambie fundi wako atafute tundu kwanza, na akifungua mashine, gesi aikusanye mtungini, asiiachilie hewani.