Pumu na Mtu Mzima

Wengi bwenini kwetu hudhani kwamba pumu ni ugonjwa wa watoto, na kwamba mtu akiota ndevu utamwacha. Nami nilidhani hivyo. Sasa nina miaka kumi na tisa, ndevu nimeota, na pampu yangu ingali mfukoni. Ni kweli watoto wengine hupona. Lakini wengine hurudiwa, na wako wanaoanza kuugua wakiwa watu wazima. Kwa hiyo napenda kuwaeleza ndugu wasomaji, hasa ninyi mliokwisha toka shuleni mkaanza kazi, mambo niliyojifunza kwa mjomba wangu.

Mjomba hukaa Busia, upande wa Uganda. Zamani alipakia watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, kazi ile iliyozaa jina la boda boda. Leo ana pikipiki. Malori ya pale hutoa moshi mwingi, na kuanzia Desemba hadi Februari vumbi jekundu halilali. Mjomba aliuficha ugonjwa wake, akiogopa abiria watasema anaambukiza. (Pumu haiambukizi kamwe, hata mkinywea kikombe kimoja.) Alikuwa na pampu ya bluu tu, akaivuta nyuma ya kibanda mara sita, mara nane kwa siku, akajiona hodari kwa sababu alipata nafuu upesi.

Kosa lilikuwa hapo. Pumu ni uvimbe ndani ya mirija ya pumzi. Mirija iliyovimba ikikutana na moshi, vumbi, baridi au mafua, misuli yake hujikaza, njia ikawa nyembamba, kifua kikalia kama filimbi. Pampu ya bluu, yenye salbutamoli, huilegeza misuli kwa saa chache, bali uvimbe haiuponyi. Ni kama kuchota maji mtumbwini bila kuziba tundu. Dawa ya kuziba tundu ni ya namna ya beklometasoni, ambayo mara nyingi huwa katika pampu ya kahawia, nayo huvutwa kila siku, hata siku usiyojisikia mgonjwa. Watu huiacha kwa kuwa haileti nafuu papo hapo. Tangu mwaka 2019 shirika la kimataifa la wataalamu wa pumu halishauri tena mtu mzima kutegemea salbutamoli peke yake. Iko pia pampu moja yenye dawa zote mbili, budesonidi na formoteroli.

Usiku mmoja mjomba alishindwa hata kumaliza sentensi, na midomo yake ikabadilika rangi. Mtu akifika hapo asingoje kupambazuke. Aende hospitali, akivuta pampu njiani. Tulimchukua Tororo kwa gari la jirani. Mimi nilimshika akae wima, nikihesabu pumzi zake.

Alipopata nafuu muuguzi akamwambia, "Baba, hebu nionyeshe unavyovuta." Mjomba akabonyeza, na ukungu wote ukamtoka mdomoni! Miaka mingi alikuwa akiutibu upepo. Akafundishwa upya: tikisa pampu, toa pumzi, fumba midomo juu yake, anza kuvuta polepole ndipo ubonyeze, kisha zuia pumzi ukihesabu hadi kumi. Asiyeweza atoboe kitako cha chupa ya plastiki ya nusu lita, apachike pampu pale, avute kwa mdomo wa chupa. Madaktari wa Afrika Kusini waliichunguza chupa hiyo wakaeleza mwaka 1999 kwamba inafaa. Baada ya pampu ya kahawia sukutua kinywa, usiote utando mweupe ulimini.

Kikwazo kilichobaki ni bei. Vidonge vya salbutamoli ni rahisi, lakini hutetemesha mikono, huenda mbio moyoni, na nguvu yake ni ndogo.

Na michezo je? Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu, naye aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake London mwaka 2003; haikuvunjwa mpaka Brigid Kosgei wa Kenya alipokimbia Chicago mwaka 2019.

Siku hizi mke wa mjomba hupikia nje, na mjomba huvuta dawa yake asubuhi na jioni mbele ya abiria bila haya. Likizo iliyopita tulipanda pamoja Mwamba wa Tororo. Nilipofika juu nilimkuta ameketi, akinicheka.