Kunenepesha dume kwa machicha: Mfugaji asinunue maji

WAKULIMA wa Mapera na vijiji jirani wilayani Mbinga wamezoea kusubiri kahawa. Kati ya msimu na msimu mfuko hukauka, ilhali karo na mbolea havisubiri. Hapo ndipo madume wawili waliofungwa bandani huanza kutazamwa kama fedha: wanenepeshwe miezi mitatu, wauzwe kwa mchinjaji.

Chakula kipo karibu. Kila kilabu cha pombe ya mahindi au ulezi hubakiwa na machicha, ambayo mara nyingi huishia kwa nguruwe. Wanga mwingi umekwisha kugeuka kilevi, lakini protini na nyuzinyuzi zimebaki. Machicha ya kiwanda cha bia, ukiyatoa maji yote, huwa na protini ya asilimia 20 hadi 25. Pumba za mahindi hufikia karibu nusu ya hapo.

Wengi hukosea kwenye bei. Kilo 100 za machicha mabichi zina kilo 75 hadi 80 za maji. Anayelipia gunia la kilo 50 amepata kilo 10 hadi 12 tu za chakula. Pumba za uzito huo zina kilo 44 hivi. Hata protini ikihesabiwa, kilo ya machicha ikifika bandani kwa zaidi ya theluthi ya bei ya kilo ya pumba, afadhali pumba. Pumba zikiwa shilingi 300, machicha yasivuke 100, nauli ikiwemo.

Kwa hesabu hiyo, kuagiza machicha ya kiwanda cha bia cha Mbeya, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mbinga, ni kulipia lori libebe maji. Hata Marekani, kwenye viwanda vya ethanoli ya mahindi, machicha mabichi huuzwa kwa wanenepeshaji wa jirani. Yanayokwenda mbali hukaushwa kwanza.

Dume wa kilo 250 hula kilo 6 hadi 7 za chakula kikavu kwa siku. Machicha yachukue robo, yaani kilo 7 hivi za mabichi. Kilichobaki kiwe majani, mabua na pumba. Aanze na kilo moja, aongezewe taratibu kwa wiki mbili, kwani machicha ya kilabu hubaki na kilevi na dume hulewa kweli. Kwa kuwa yana kalsiamu kidogo, achanganyiwe chokaa ya mifugo, gramu 50 hivi, pamoja na chumvi.

Yalishwe ndani ya siku mbili au tatu, la sivyo yashindiliwe kwenye pipa lisilopitisha hewa. Yakiota ukungu yatupwe, hata nguruwe asipewe.

Siku ya kwanza dume apimwe kifua kwa utepe, kisha kila baada ya wiki mbili. Akiongeza nusu kilo kwa siku, siku 90 ni kilo 45. Gharama za chakula zikikaribia bei ya kilo hizo, auzwe mapema, asisubiri mwezi wa tatu.