Kuwaosha Wazee Waliopotewa na Kumbukumbu

Huku kwetu Kibaha na Kisarawe, wazee walio wengi hutunzwa majumbani mwa watoto wao. Mzee aliyepatwa na maradhi ya kusahau huenda akakataa kuoga, akapiga kelele, hata akampiga mwanawe. Huo si ukaidi, ndugu msomaji. Haelewi kwa nini anavuliwa nguo, na haya yake ingali hai. Basi tumsitiri kwa kanga, tumwoshe kiungo kimoja kimoja kwa maji ya uvuguvugu, tumweleze kila tendo kabla ya kulitenda, kisha tuikaushe vema mikunjo ya ngozi. Akikataa, tumwache kwanza, tumrudie baadaye. Kurani Tukufu, Sura ya 17, aya ya 23, imetukataza hata kuwagunia wazazi. Wao walitutawaza tulipokuwa hatujui kitu. Leo zamu ni yetu.