Karatasi za Askari Aliyetekwa: Madai ya Mahjub bin Adam

Vita Vikuu vya Kwanza vilifika Gusii mapema. Mnamo Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka, likaingia mji wa Kisii, na tarehe 12 likapigana huko na kikosi cha KAR kabla ya kurudi nyuma. Baadaye wanaume wa Kisii na wa vilima vya Nyamira walichukuliwa kuwa wapagazi wa Waingereza. Wengi walikufa, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao. Habari za watu hao hutafutwa katika masimulizi ya wazee, kwani barua zao ni adimu mno. Kwa hiyo hati za askari mmoja wa upande wa pili, naye mdai wa mshahara, zastahili kuangaliwa.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari mwenye asili ya Sudani. Vita vilipoanza alimfuata baba yake jeshini, naye ni mtoto wa miaka kumi tu. Katika mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, alijeruhiwa, akatekwa na Waingereza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akaidai serikali ya Ujerumani malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Alijibiwa kwamba muda wa kudai ulikwisha kupita. Mtu aliyetekwa akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu angepeleka madai hayo wapi, na lini?

Mtafiti anayezifuata karatasi hizo hukutana kwanza na tatizo la jina. Huko Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Anayetafuta jina la Mahjub peke yake huenda akampita bila kumtambua. Hati zenyewe si shajara. Ni maombi na majibu ya maofisa, nazo humwonyesha kila mara akiwa mwombaji. Aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939, alijitolea kuingia jeshini, akakataliwa. Hata hivyo, miaka hiyohiyo Chuo Kikuu cha Berlin kilimtumia kufundisha Kiswahili, chini ya Diedrich Westermann, na wapiga filamu walimhitaji kila walipotaka sura ya Mwafrika. Lugha yake ilikuwa na thamani. Haki yake haikuwa nayo.

Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kuhukumiwa. Huko alikuwa mfungwa kwa mara ya pili, safari hii wa nchi ileile aliyoipigania. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo la kumbukumbu liliwekwa mbele ya nyumba aliyokaa katika mtaa wa Brunnenstraße, Berlin.